Waranti ya gari ikiisha, haki yako haijaisha

Pikapu yangu ilizima katikati ya Lodwar na Kakuma, saa nane mchana, jua linapasua jiwe na nyuma nimebeba unga wa wateja. Nilikuwa nimeinunua mpya kwa wakala Nairobi, kwa mkopo wa benki ambao bado ninaulipa. Waranti yake ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia. Siku hiyo mita ilisoma 108,000.

Tukavutwa hadi Kakuma. Fundi akapima, akasema pampu ya dizeli imekufa. Nikampigia wakala. Bei ya pampu: shilingi 260,000. Jibu lake lilikuwa fupi: "Waranti imeisha, mzee. Na huko kwenu mnatia dizeli ya mitungi."

Wenzangu wa Pwani, wengi wetu tukijibiwa hivyo hukata simu na kwenda kukopa. Mimi nilikaribia kufanya hivyo. Lakini hoja zile mbili zina majibu.

Tuanze na waranti. Hiyo ni ahadi ya mtengenezaji, naye huiwekea mipaka atakavyo. Sheria ni kitu kingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekuhakikishia bidhaa yenye ubora unaokubalika, na inasema maneno ya mkataba yanayojaribu kufuta uhakikisho huo ni batili. Kwa hiyo swali halikuwa tu kama waranti imepita. Swali lilikuwa: pampu ya gari jipya, iliyotunzwa vizuri, yafaa ife kwenye kilomita 108,000?

Sisemi kila kitu kitalipwa. Bredi, sahani za klachi na matairi huisha kwa matumizi, na hapo huna kesi. Pampu ya dizeli hutarajiwa kuishi zaidi ya hapo.

Hoja ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Dizeli chafu au yenye maji huua pampu, na huku watu huuziana mafuta kwenye mitungi. Basi ilinibidi nionyeshe kwamba yangu haikuwa hiyo.

Fundi alitaka kuifungua pale pale. "Kesho jioni uko njiani, mzee." Mkopo ulikuwa unanisubiri, nikatamani kukubali. Nikakataa. Pampu ikishafunguliwa na fundi wa nje, wakala atasema ni yeye aliyeiharibu, na hutaweza kumpinga. Badala yake nilifanya haya:

1. Nilipiga picha za mita, injini na namba ya pampu.
2. Nilichota dizeli ya tangi kwenye chupa safi, nikaifunga, nikaandika tarehe, fundi akashuhudia.
3. Nilikusanya risiti za sevisi na filta, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo kwenye vituo vya mafuta.
4. Nilimwandikia wakala barua, nakala kwa mtengenezaji, nikitaja vifungu vya sheria na ninachotaka: pampu ifunguliwe mbele yangu, nipewe ripoti ya maandishi, na walipie ikiwa kasoro ni yao. Niliwapa siku 14.

Simu haina kumbukumbu. Barua inayo.

Gari likapandishwa lori hadi kwenye karakana yao, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Pampu ilipofunguliwa haikuwa na kutu, yaani maji hayakuingia. Beringi ndiyo iliyovunjika. Baada ya wiki tatu mtengenezaji alikubali kutoa pampu mpya, nami nikalipa ufundi na lori. Mimi sikupata yote, wala wao hawakukiri kosa. Waliita ni hisani. Nilikubali, kwa sababu gari lililolala halilipi mkopo.

Wangekataa, njia zilikuwepo. Malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ipo pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Najua wengi wetu tunaendesha magari yaliyotumika Japani, na waranti ya mtengenezaji kwa kawaida haivuki bahari nayo. Lakini ukinunua spea mpya dukani, iwe Mombasa au Lodwar, muuzaji aliyekupa risiti anabanwa na sheria ile ile. Ndiyo maana risiti ya karatasi ni muhimu kuliko punguzo la mia tano.

Wiki iliyopita nilipita tena Kakuma. Yule fundi aliniuliza kama walilipa. Nikamwambia walilipa pampu. Akacheka, akanionyesha daftari alilonunua: sasa anaandika namba ya kila pampu kabla ya kugusa boliti.