Kumchagua Mwalimu wa Mazoezi

Tuseme kijana mwenye misuli mikubwa amefika Kamuli, ataka kuwafundisha mazoezi ya mwili kwa malipo. Je, misuli yatosha? Haitoshi.

Kwanza, mwulizeni alikosoma. Mathalani, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, hufundisha walimu wa michezo. Akitoa cheti, kisomeni wenyewe: jina lake, chuo, mwaka.

Pili, sikilizeni anayowauliza. Mwalimu wa kweli huuliza habari za moyo, shinikizo la damu na mimba kabla ya kumwamuru mtu akimbie. Huanza polepole. Mtu akishikwa na maumivu ya kifua, humpumzisha na kumpeleka zahanati upesi.

Asiyeuliza lolote, msimkabidhi miili yenu. Kwaherini.