Aliyeketi Kitini Kwanza: Maswali ya Maadili katika Usaili wa Udaktari wa Meno

Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye maneno machache. Mwombaji wa masomo ya udaktari wa meno ana dakika mbili za kuisoma: "Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kabla ya kliniki kuanza, unasikia harufu ya pombe kwa mwanafunzi mwenzako. Mgonjwa wake wa kwanza amekwisha keti kitini. Utafanya nini?" Kengele inalia, mlango unafunguliwa, na msaili anasubiri jibu.

Usaili wa namna hii, ambao mwombaji hupita vituo vingi vifupi na kila kituo kina msaili wake, ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo hutumiwa na vyuo vingi vya udaktari wa meno nchini Uingereza. Faida yake ni kwamba anayejikwaa katika kituo kimoja huanza upya katika kinachofuata.

Waombaji wengi hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Mmoja hujibu kwa haraka kwamba atamshtaki mwenzake ili afukuzwe. Mwingine husema kwamba rafiki hasalitiwi, kwa hiyo atanyamaza. Wote wawili wamemsahau mtu aliyeketi kitini.

Jibu zuri huanzia hapo: mgonjwa asiguswe hadi jambo lieleweke. Kisha mwombaji humwita mwenzake faraghani na kumuuliza bila kumhukumu. Baadhi ya dawa za kusukutulia kinywa zina alkoholi, na pumzi ya mtu mwenye kisukari aliyezidiwa huweza kudhaniwa kuwa ya mlevi; huyo anahitaji tiba ya dharura, si lawama. Hata hivyo, mwanafunzi hana mamlaka ya kuamua nani anafaa kutibu. Hivyo, hata mwenzake akikana, humwarifu mwalimu msimamizi. Mwisho hukumbuka kwamba mwenzake naye huenda anahitaji msaada.

Mpangilio huo una msingi. Miongozo iliyotolewa mwaka 2013 na Baraza la Udaktari wa Meno la Uingereza ina kanuni 9. Ya kwanza inataka maslahi ya mgonjwa yatangulie. Ya nane inamtaka mtaalamu atoe taarifa pale mgonjwa anapokuwa hatarini.

Swali jingine hugusa hiari ya mgonjwa. Mtu mzima anaomba jino ling'olewe, ilhali linaweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi. Kukubali upesi ni kukwepa wajibu. Kukataa papo hapo ni kumdharau mgonjwa. Mwombaji makini huuliza sababu kwanza: je, ni maumivu, hofu au gharama? Kisha hueleza kwamba jino likitoka, meno ya jirani huweza kuinama kuelekea pengo, na kwamba kuziba pengo hilo baadaye nako kuna gharama. Ridhaa isiyotokana na maelezo ya kutosha si ridhaa. Mgonjwa akishaelewa, ana haki ya kukataa tiba asiyoitaka. Lakini daktari naye halazimiki kufanya jambo analoamini litamdhuru.

Kukariri majina ya kanuni nne zilizoenezwa na Beauchamp na Childress tangu mwaka 1979, yaani kuheshimu hiari, kutenda mema, kutodhuru na haki, hakutoshi. Msaili hutaka kuona mwombaji anavyoamua kanuni hizo zinapogongana. Maandalizi yenye manufaa ni kujadili visa kwa sauti pamoja na mwenzi, saa ikiwa mezani, na kutetea pia upande asioupenda. Msaili akiongeza jambo jipya, kwa mfano kwamba anayenuka pombe ni mwalimu mwenyewe, si aibu kubadili njia. Bali sababu itajwe.

Nchini Tanzania, nafasi ya masomo haya hutegemea zaidi ufaulu wa Kidato cha Sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Lakini asiyeulizwa swali hili mlangoni hulikuta kliniki, siku mgonjwa anapomwambia, "Daktari, ng'oa tu." Na mgonjwa naye ana swali lake la haki, ambalo hapaswi kuona haya kuliuliza kabla ya sindano ya ganzi: "Je, jino hili linaweza kuokolewa?"