Ngozi Yatufundisha Nini Juu ya Ugonjwa wa Akili?

Uko ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hudhani watu wanamwinda, naye hujitenga na jamaa zake. Duniani humpata chini ya mtu 1 katika kila watu 100. Wako wanaosema, "Amelogwa," au, "Ni laana ya ukoo." Basi humfunga kamba, na miezi hupita bila dawa. Lakini ngozi ya mkono yatoa ushuhuda mwingine.

Niacini ni vitamini iliyomo katika nyama, samaki na karanga. Dawa yake ikipakwa juu ya ngozi, kwa kawaida mahali pale hupata joto na wekundu baada ya dakika chache. Sababu ni hii: mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila chembe ina ukuta mwembamba wa mafuta. Niacini huziamsha chembe za ngozi. Hizo hutoa asidi ya mafuta iitwayo arakidoni na kuigeuza kuwa prostaglandini, ambayo hupanua mishipa, na damu huja kwa wingi.

David Horrobin, Mwingereza aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilifikiri sana jambo hili. Kwa sehemu ya wagonjwa wa skizofrenia, ngozi huitika kidogo au kwa kuchelewa. Alidhani kwamba mafuta ya chembe, hata za ubongo, yana kasoro.

Je, hurithiwa? Uchunguzi, kama ule wa Taiwan, umeonyesha kwamba hata wazazi na ndugu wazima wa mgonjwa mara nyingi huwa na mwitiko dhaifu. Basi kuna kitu kipitacho katika jamaa. Lakini kurithi si laana. Mzazi mmoja akiwa mgonjwa, katika watoto 10 karibu 9 hawaugui. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima.

Usijipime nyumbani. Kipimo hiki ni cha wachunguzi: wako wazima wasioitika, tena wekundu ni vigumu kuonekana kwenye ngozi nyeusi. Kula sambaza wa Ziwa Kivu ni vyema, maana samaki wana mafuta mazuri. Lakini sambaza hawashiki nafasi ya dawa.

Ufanye nini basi?

1. Mfungue mgonjwa kamba, umpeleke hospitali mapema. Hapa Goma kituo cha Tulizo Letu hutibu ugonjwa huu.
2. Asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Kwanza aulize daktari.
3. Usimlaumu mama yake wala ukoo wake.
4. Omba pamoja naye, mle chakula pamoja. Maombi hayakatazi dawa.

Ndugu, huyu ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria. Usimfiche.