Kutoa Taarifa za Uvunjaji wa Sheria Kazini: Kinga ya Mtoa Taarifa katika Sekta ya Afya

Methali isemayo "Mficha maradhi, kifo humuumbua" huelekezwa kwa mgonjwa anayechelewa kutafuta tiba. Yafaa pia kuelekezwa kwa hospitali yenyewe. Dawa za umma zinapouzwa kinyemela, mjamzito anapodaiwa rushwa ili ahudumiwe, au muuguzi anapolazimishwa kutoa damu za wagonjwa bila glavu, wapo wanaoona na kujua. Wengi wao hunyamaza kwa kuhofia kupoteza kazi. Makala haya yanaeleza kinga iliyowekwa na sheria za Tanzania Bara kwa anayetoa taarifa, na njia ya kufuata ili kinga hiyo imfae.

Gharama ya ukimya

Mfano unaojulikana sana unatoka mjini Bristol, Uingereza. Mwaka 1990, daktari wa usingizi Stephen Bolsin alimwandikia kiongozi wa hospitali yake kueleza wasiwasi juu ya vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Hakusikilizwa ipasavyo, naye akaendelea kukusanya takwimu za matokeo ya upasuaji huo. Baadaye alihamia Australia. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2001 ilikadiria kuwa, kati ya mwaka 1991 na 1995, watoto wa chini ya umri wa mwaka mmoja waliofariki katika kituo hicho walizidi kwa 30 hadi 35 idadi iliyotarajiwa katika kituo cha kawaida cha aina hiyo. Onyo lilikuwepo, lililokosekana ni utaratibu wa kulipokea.

Nani analindwa?

Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inampa mtu yeyote nafasi ya kutoa taarifa yenye maslahi kwa umma. Hivyo daktari, mhudumu wa usafi, mgonjwa na ndugu anayemuuguza wote wamo. Taarifa hiyo yaweza kuhusu uhalifu uliotendeka au unaokaribia kutendeka, ukiukaji wa sheria, ubadhirifu wa mali ya umma, au jambo linalohatarisha afya na usalama wa watu.

Masharti makuu ni mawili: mtoa taarifa awe na nia njema, na awe na sababu za msingi za kuamini kwamba anayoyasema ni kweli. Hatakiwi kuwa na ushahidi wa kutosha kumtia mtu hatiani, kwa kuwa kuchunguza ni kazi ya vyombo husika. Anayetunga uongo kwa makusudi ili kumkomoa mwenzake hana kinga hiyo.

Taarifa ipelekwe wapi?

Kinga ya sheria humfuata anayepeleka taarifa kwa mwenye mamlaka. Anayeisambaza katika mitandao ya kijamii hujiweka katika hatari, na huenda akampa mtuhumiwa muda wa kuficha ushahidi. Hatua ya kwanza huwa ni msimamizi wa kazi au mganga mfawidhi. Iwapo hao ndio wanaotuhumiwa, taarifa ipelekwe kwa mamlaka iliyo juu yao au kwa chombo kinachohusika.

Masuala ya rushwa hupelekwa TAKUKURU, ambayo hupokea simu bila malipo kwa namba 113. Mazingira hatarishi ya kazi ni ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Dawa na vifaa tiba visivyofaa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwenendo wa kitaaluma hushughulikiwa na mabaraza ya taaluma, yakiwemo Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kuandaa taarifa na kutunza siri

Taarifa nzuri hutaja tarehe, saa, mahali, kilichoonekana na waliokuwepo. Itenganishe aliyoyaona mtoa taarifa kwa macho yake na aliyoyasikia kwa wengine. Nakala ya barua na tarehe ya kuipokea zihifadhiwe.

Mtumishi wa afya ana jukumu la ziada: siri ya mgonjwa. Faili lisitolewe ovyo, wala mgonjwa asipigwe picha ili kupata ushahidi. Inatosha kueleza tukio na kuonyesha kumbukumbu zilipo, ili wachunguzi wazifuate kwa utaratibu wa kisheria.

Akilipiziwa kisasi

Kisasi huja kwa sura nyingi: vitisho, kushushwa cheo, uhamisho wa kukomoa au kufukuzwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatamka kwamba kutoa taarifa ambayo sheria inaruhusu au inataka itolewe si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Vivyo hivyo, kukataa kutenda jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kuliagiza si kosa la kumfukuzisha mtu.

Muda ni muhimu. Mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa kazi isivyo halali anapaswa kufikisha mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma huanza kwanza na ngazi za rufaa zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma. Chama cha wafanyakazi au wakili anaweza kumsaidia tangu siku za mwanzo.

Sheria peke yake haiondoi hofu wodini. Kiongozi wa kituo anayepokea malalamiko kwa utulivu, akaficha jina la aliyeyaleta na kumrudishia majibu ya hatua zilizochukuliwa, huwapa wengine ujasiri wa kusema mapema, wakati madhara yangali yanazuilika. Faida yake ya kwanza humfikia mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye mara nyingi hana njia ya kujua kinachotendeka nyuma ya pazia.