Shule ya Bweni ya Wasichana

Wengi wenu mnaosoma kitabu hiki mnaijua Kariakoo, ama kwa kukaa huko ama kwa kusimuliwa. Jina lake limetokana na Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, walipiga kambi mahali pale, na ndimi zetu zikaligeuza neno lile likawa Kariakoo. Tangu hapo mahali pale hapajajua kulala. Kabla ya alfajiri mikokoteni hupita na ndizi na viazi, na katika nyua za nyumba moshi wa mkaa huanza kupanda.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha msichana mmoja wa huko, naye alikuwa darasa la saba. Jina lake sitalitaja. Hesabu za sehemu alizifanya upesi kuliko nilivyozifanya mimi nilipokuwa na umri wake, walakini ilipofika saa nne ya asubuhi kichwa chake kilianguka juu ya dawati. Nilimkemea. Siku moja nilimsimamisha nje ya mlango mbele ya wenzake, na jambo hilo hata leo linanitia haya, maana sikuwa nimemwuliza neno lo lote kwanza.

Hatimaye nikaenda kwao. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, na karibu kila chumba kina mpangaji wake. Bibi yake alinikaribisha barazani, akaniambia kwa fahari, “Mwalimu, mjukuu wangu ndiye mkono wangu wa kuume.” Kisha akanieleza. Saa kumi ya usiku mtoto huamka kumsaidia kuchoma vitumbua vya kuuza. Akitoka shule huteka maji, huenda sokoni, hubeba mdogo wake, hupika, huosha vyombo. Saa nne ya usiku, wengine wakiisha lala, ndipo afungue daftari. Kaka yake, mwenye umri wa mwaka mmoja zaidi, alikuwa ameketi barazani pale pale na kitabu chake, wala hakuna aliyemtuma dukani muda wote nilipokuwapo.

Bibi yule hakuwa mkatili. Alimpenda mjukuu wake, na vitumbua vile ndivyo vilivyolipa kodi ya chumba. Lakini njiani nilipokuwa nikirudi nilifahamu kitu ambacho chuo cha ualimu hakikunifundisha: msichana yule alikuwa na akili na kitabu, ila hakuwa na saa hata moja iliyokuwa yake.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya shule ya bweni, nayo ndiyo nataka kuwaeleza. Watu hudhani ukuta na lango vimewekwa kuwazuia wasichana wasitoke. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ukuta ule huzuia na mengine yasiingie: mtungi usiojaa, mtoto anayelia, mgeni anayetaka chai.

Tazameni jinsi siku inavyokwenda katika shule nyingi za namna hiyo zinazoangaliwa na masista. Kengele ya kwanza hulia mapema, kama saa kumi na moja. Kila msichana hutandika kitanda chake na kuoga kwa zamu. Wakatoliki huenda kanisani. Baadaye huwa kufagia, kisha uji, kisha masomo mpaka alasiri, kisha kufua, michezo au bustani. Kazi za mikono zipo nyingi, na asiyejua kushika ufagio atajifunza bila kupenda. Lakini kazi ikiisha imekwisha. Usiku hulia kengele nyingine, na wote huingia madarasani kujisomea kimya, tuseme kwa saa mbili.

Fanyeni hesabu. Saa mbili kwa siku tano ni saa 10 kwa juma. Tukisema mwaka wa shule una majuma 38, ni saa 380. Kwa miaka minne, mpaka mtihani wa kidato cha nne, ni saa 1,520. Msichana wa Kariakoo aliyefungua daftari saa nne ya usiku, macho yakiwa mekundu kwa moshi, angezipata wapi?

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Wakati wa ukoloni shule za nchi hii ziligawanywa kwa rangi, na shule za sekondari za wasichana wa Kiafrika zilikuwa chache mno. Basi mwaka 1957 masista wa Maryknoll, kutoka Marekani, walifungua shule ya bweni ya wasichana mjini Morogoro, ikaitwa Marian College. Morogoro ni mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Dar es Salaam kwa njia ya reli. Miongoni mwa waliosoma pale ni Gertrude Mongella, aliyezaliwa mwaka 1945 katika kisiwa cha Ukerewe, naye aliondoka kwao akiwa na miaka 12. Siku zile mtu wa Ukerewe aliyekwenda Morogoro alivuka ziwa kwanza, ndipo aishike reli ndefu ya kuja upande wa pwani. Akaja akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha ualimu Chang'ombe, si mbali na Kariakoo. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa dunia nzima uliofanyika Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Shule ile Serikali iliitwaa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, pamoja na shule nyingine za mashirika ya dini. Sasa yaitwa Kilakala, nayo ingali ya wasichana na ya bweni. Jina la Marian halikupotea: Bagamoyo iko shule nyingine ya Kikatoliki ya wasichana, ya bweni pia, yenye jina hilo.

Sisemi kwamba bweni ni raha. Majuma ya kwanza wasichana hulia usiku, na harufu ya maharage humchosha hata mwenye njaa. Tena karo si ndogo, na hapo ndipo penye uchungu, kwa kuwa yule anayezihitaji saa zile kuliko wote mara nyingi ndiye asiyeweza kuzinunua. Wazazi Waislamu, ambao Kariakoo ni wengi, nao huniuliza kama mtoto wao atalazimishwa kusali kwa namna isiyo yao. Ni swali la haki. Huwaambia waende kwa mkuu wa shule, wamwulize wenyewe kabla ya kulipa senti moja.

Msichana niliyemtaja alipata kwenda. Mjomba wake aliuza cherehani, na bibi akatafuta mtoto wa jirani wa kumsaidia alfajiri kwa ujira mdogo. Likizo ya kwanza nilipita kwao jioni kuwasalimu. Niliambiwa kwamba asubuhi ile aliamka saa kumi bila kuitwa, akakamata chuma cha vitumbua kama zamani. Lakini usiku uliotangulia alikuwa amemwomba bibi yake jambo moja: meza ndogo ya ukumbini, na taa yake, kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Nilipoingia, kaka yake alikuwa uani akiosha vyombo kwa kununa, na bibi ameketi mlangoni pa ukumbi. Mpangaji mmoja alitaka kupita na ndoo. Bibi akamnyoshea mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, “Zunguka, mwanangu. Humu watu wanasoma.”