Mgeni akihamia kwetu: kibali, ardhi na ushuru

Kutoka Mtwapa hadi Watamu na Malindi, Kaunti ya Kilifi ina raia wa kigeni waliokuja kutalii kisha wakaamua kubaki. Wapo wastaafu, wapo waliofungua mikahawa na nyumba za wageni, na wapo waliooa au kuolewa na wenyeji. Kuhamia kwao kunawagusa wakaazi moja kwa moja. Kuna anayewauzia ploti, anayewapangisha nyumba, anayewafanyia kazi na anayefunga ndoa nao. Makubaliano yakifanywa kwa mdomo tu, au kwa karatasi ambayo sheria haiitambui, mwenyeji anaweza kuumia sawa na mgeni.

Kibali cha kuishi hakitolewi na kaunti

Serikali ya kaunti hutoa leseni ya biashara na kukusanya ada za ardhi. Uhamiaji ni jukumu la Serikali Kuu kupitia Idara ya Uhamiaji. Kwa hivyo, leseni ya kaunti iliyotundikwa ukutani haimpi mgeni ruhusa ya kuishi wala kufanya kazi nchini.

Vibali vimegawanywa kwa madaraja, na maombi hufanywa mtandaoni. Daraja D ni la aliyeajiriwa. Daraja G ni la mwenye biashara, naye hutakiwa kuonyesha mtaji wa angalau dola 100,000 za Marekani. Daraja K linawafaa wastaafu wengi: mwombaji awe na umri wa miaka 35 au zaidi, awe na mapato ya uhakika ya angalau dola 24,000 kwa mwaka, na akubali kutofanya kazi ya kulipwa. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa pia kujisajili na kupata cheti cha raia wa kigeni.

Ndoa haimfanyi mtu kuwa Mkenya siku ya harusi. Kifungu cha 15 cha Katiba kinamruhusu aliyeoa au kuolewa na Mkenya kuomba uraia baada ya ndoa kudumu angalau miaka 7. Kabla ya hapo, bado anahitaji kibali au pasi halali.

Ardhi: miaka 99, si milele

Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mkataba ukiandikwa kwamba mgeni ameuziwa ploti milele, sheria itauhesabu kuwa wa kukodi kwa miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na Wakenya. Hata hisa moja ikiwa ya mgeni, kampuni hiyo haiwezi kupewa umiliki wa kudumu.

Shamba la kilimo lina sharti zaidi. Mauzo yake lazima yapate idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na sheria inaitaka bodi ikatae ikiwa mnunuzi si raia, isipokuwa kuwe na msamaha wa Rais. Mauzo yasiyo na idhini hayana nguvu kisheria, na fedha zilizokwisha kulipwa hugeuka deni ambalo mnunuzi anaweza kulidai mahakamani. Mwenye shamba wa Ganze au Magarini aliyepokea malipo ya kwanza na kuyatumia kwa karo au kujenga anaweza kujikuta akidaiwa fedha ambazo hana tena.

Ploti za ufuoni pia zina ulinzi. Ardhi iliyo katika safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji makuu ya Bahari Hindi haiwezi kupewa asiye raia bila idhini ya maandishi ya Waziri wa Ardhi.

Hatari ya kuazimana jina

Baadhi ya watu hujaribu kukwepa masharti haya kwa kuazimana jina: mgeni analeta fedha, hatimiliki inaandikwa jina la rafiki au mpenzi Mkenya. Katiba imeliona hilo. Ardhi inayoshikiliwa kwa niaba ya mwingine huhesabiwa kuwa ya raia pale tu ambapo wote wanaofaidika nayo ni raia.

Mwenyeji anayekubali kuazima jina anajibebesha mzigo. Mamlaka ya Ushuru (KRA) itamtambua yeye kama mmiliki na kumdai ushuru wa mali hiyo. Akifariki, warithi wake na mgeni wanaweza kuvutana mahakamani kwa miaka. Kwa wanandoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazuia mmoja kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ardhi daftari lenyewe lazima liwe la kweli.

Ushuru huhesabiwa kwa siku

Wapo wanaodhani kwamba asiye raia halipi ushuru. Sheria ya Ushuru wa Mapato haiangalii pasipoti. Mtu huhesabiwa kuwa mkaazi ikiwa ana makao ya kudumu Kenya na amekuwepo nchini wakati wowote katika mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia.

Mathalan, mgeni anayekaa Malindi kila mwaka kuanzia Novemba hadi Machi huwa nchini takriban siku 151 katika mwaka mmoja wa kalenda. Akifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, tayari ni mkaazi kwa ushuru.

Tofauti hii ina uzito. Mkaazi anayepangisha nyumba za kuishi na kupata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiye mkaazi hutozwa asilimia 30. Marejesho ya mwaka huwasilishwa kufikia Juni 30. Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa ushuru mara mbili na nchi kama Ujerumani, Uingereza na Ufaransa, lakini mkataba haumwondolei mtu wajibu wa kuwasilisha marejesho.

Mwenyeji anayeuza ardhi naye hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, ingawa sheria ina misamaha kadhaa. Ni vyema kuuliza KRA kabla ya kutia sahihi.

Mwajiri mgeni ni mwajiri

Mpishi, mlinzi au mtunza bustani ana haki zilezile hata kama mwajiri wake anatoka ng'ambo. Mwajiri hutakiwa kuwasilisha michango ya NSSF, asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHIF, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi pamoja na asilimia 1.5 yake mwenyewe.

Kabla ya kupokea au kutoa fedha

• Fanya upekuzi wa hatimiliki katika afisi ya usajili wa ardhi.
• Hakikisha kupitia Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) kwamba wakili ana cheti cha mwaka huu. Muuzaji na mnunuzi kila mmoja awe na wakili wake.
• Omba kuona kibali cha mgeni na nambari yake ya PIN ya KRA.
• Usikubali malipo ya shamba kabla ya kikao cha bodi ya ardhi.
• Asiyeweza kumudu wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016.