Kubisha Hodi Baharini: Ufuo wa Sawada, Kisiwani Sado

Wajapani wamezungukwa na bahari pande zote, lakini kuogelea baharini kwao ni jambo la wiki chache tu kwa mwaka. Na bahari hiyo haiingiliwi hivi hivi. Katika fukwe nyingi hufanyika kwanza hafla ya kuifungua. Kuhani wa Shinto huja na kanzu zake za ibada, meza hupangwa mchangani ikiwa na chumvi, mchele na pombe ya sake, kisha huombwa msimu upite pasipo mtu kuzama. Wakuu wa mji na waokoaji huinamisha vichwa wakiwa wamevaa viatu vya ofisini vilivyojaa mchanga. Kabla ya siku hiyo maji yapo na jua lipo, ila ni nyumba ambayo hujaipigia hodi.

Anayetaka kuijua desturi hii asiende kwenye fukwe za kwenye kalenda. Aende mahali kama Sawada, mji mdogo ulio kwenye ghuba ya Mano, kisiwani Sado. Kisiwa hiki cha mkoa wa Niigata ni kidogo kuliko Pemba kwa ukubwa, na wakazi wake ni kama 50,000 tu, wengi wao wazee. Feri ya magari kutoka mjini Niigata huchukua saa mbili na nusu kufika bandari ya Ryotsu, halafu basi hukata uwanda wa mashamba ya mpunga. Wageni wengi huja kwa ajili ya migodi ya dhahabu, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, au kwa habari za watu waliopelekwa huku uhamishoni, kama mfalme Juntoku mwaka 1221 na Zeami, bingwa wa tamthilia za Noh, mwaka 1434. Ufukwe wa Sawada hauna hadithi kubwa kama hizo. Una mchanga mrefu na maji ya kina kifupi, na nyuma yake kuna mji unaoendelea na shughuli zake.

Familia ikifika, kitu cha kwanza ni kutandika turubai. Hapo utashangaa: wote huvua ndara kabla ya kulikanyaga na kuzipanga ukingoni, kama wanavyofanya mlangoni pa nyumba. Turubai limekuwa sebule, na sebuleni huingii na viatu, hata kama pande zote nne ni mchanga mtupu. Bibi hukaa katikati chini ya mwavuli, amejifunika mikono hadi kwenye viganja, maana wanawake wengi hawataki kuguswa na jua. Watoto hufungwa kitambaa machoni kwa zamu, wakapewa gongo, na kuambiwa wakalipasue tikiti maji lililowekwa hatua kadhaa mbele. Wengine hupiga kelele, kulia, kushoto, mbele kidogo, na nusu ya maelekezo ni uongo wa makusudi. Tikiti likipasuka huliwa palepale. Katika vibanda vya msimu huuzwa tambi za kukaanga na barafu ya kukwangua iliyomiminiwa sharubati ya rangi kali. Mchana ukikatika watu hujisuuza chumvi, hufunga taka zao kwenye mifuko na kuondoka nazo.

Kuogelea kwenyewe si sana. Watoto wengi wamejifunza katika bwawa la shule, na hilo lina chanzo cha huzuni: mwaka 1955 meli ya Shiun Maru ilizama katika bahari ya ndani ya Seto, wakafa watu 168, wengi wao wanafunzi waliokuwa safarini. Msiba huo ulichochea sana ujenzi wa mabwawa ya shule nchini kote.

Mtu wa mwambao wetu atakachokikosa zaidi ni maji kupwa. Bahari ya Japani imezibwa pande nyingi na milango yake ni myembamba, kwa hiyo tofauti ya kupwa na kujaa mara nyingi haifiki hata nusu mita, wakati kwetu bamvua hupita mita tatu. Sawada asubuhi na Sawada jioni ni ufuo uleule. Hakuna saa ya akina mama kutoka na vikapu kwenda miambani. Na hata ingekuwepo, mgeni asingeruhusiwa: konokono wa baharini na mwani wa pwani ni haki ya ushirika wa wavuvi. Sheria iliyoanza Desemba 2020 inaweza kumtoza mwizi wa jongoo bahari faini ya hadi yen milioni 30, au kifungo cha hadi miaka mitatu. Wenye haki huvuna kwa ustadi. Kule Ogi, kusini mwa kisiwa, wapo wanaoelea ndani ya mapipa ya mbao, wakichungulia chini kwa boksi lenye kioo.

Katikati ya Agosti huja Obon, siku ambazo roho za wazee waliotangulia hurudi nyumbani. Wakubwa huwakanya watoto wasiingie majini: wafu watawavuta miguu. Wakati huohuo konyeza wanaongezeka, na mawimbi ya vimbunga vya mbali yanaanza kufika. Mimi sioni haja ya kuchagua kati ya sababu hizi mbili; mtoto aliyeogopa wafu hakuumwa na konyeza.

Hofu nyingine ni mpya zaidi. Zamani wengi waliamini pwani hii haina tsunami. Mei 1983, tetemeko lilipotokea kaskazini zaidi, wanafunzi 13 wa shule ya msingi waliokuwa matembezini walichukuliwa na maji katika ufuo wa Oga. Tangu 2020, waokoaji wanaweza kupunga bendera ya miraba myekundu na myeupe kutangaza tsunami, kwa sababu viziwi hawasikii king'ora, na hata mwenye masikio mazima akiwa majini upepo humnyima.

Mwisho wa Agosti vibanda hubomolewa na maboya hutolewa. Kwa maoni yangu hapo wanazidisha: Septemba maji bado ni vuguvugu, wala hakuna anayeyagusa. Mwambie mwenyeji kwamba unakwenda kuogelea, naye atakukumbusha kwa upole kwamba waokoaji wameshaondoka.